Mshenga Asiyetumwa

Kwa miezi saba nilikula kwa kuandika kuhusu majivu ya watu nisiowajua. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na kama vijana wengi wa Nairobi wenye laptopu ya mtumba nikaangukia kazi ya kuandika mtandaoni. Mteja wangu alikuwa ng'ambo, na duka lake liliuza vito vya ukumbusho: vidani, pete na bangili zenye kijitundu cha kutia majivu ya marehemu. Kila kipande kilihitaji maneno themanini. Masharti alinitumia kwenye ukurasa mmoja. Neno "majivu" litajwe mara moja tu. "Mifupa" lisitajwe kamwe. "Daima" lilikuwa lazima, "karibu na moyo" lilikuwa lazima, na kila maelezo yalipaswa kuishia kwa kumwambia mnunuzi kwamba mpendwa wake hajaenda mbali.

Nilikuwa hodari, sitaki kujidai mnyenyekevu. Niliweza kumaliza vidani kumi kabla ya chai ya saa nne. Majivu ya mtu nilikuwa sijawahi kuyaona.

Kisha baba mdogo akafariki Minneapolis. Wenye jamaa Marekani wanajua hesabu ya kuleta mwili nyumbani: michango ya WhatsApp, simu za usiku, orodha ya waliotoa na waliosema watatoa kesho. Dadangu, binti yake wa pekee, akaamua mzee achomwe huko huko, majivu yaletwe Siaya. Wiki ya tatu akanitumia viungo vya maduka matano na ujumbe mfupi: "Wewe ndiye mwandishi wa familia. Nisaidie kuchagua."

Nikafungua duka la kwanza. Liliniambia kwamba mpendwa wangu hajaenda mbali. Sijui kama sentensi ile ilikuwa yangu. Duka halikuwa la mteja wangu, lakini maneno ya kazi hii huibwa na kuzungushwa, na huenda hata mimi nilikuwa nimeyaokota mahali. Nilichojua ni kwamba baba mdogo alikuwa ameenda mbali sana, na katika yale maneno yote niliyokuwa nimeuza hakuna hata moja la kumjibu dadangu.

Nilipokwama nilifanya ninachofanya kila ninapokwama: nikatafuta kazi ya sanaa iliyowahi kukwama hapo hapo. Nikaipata. Ni *The Proposal*, filamu ya hali halisi ya msanii Mmarekani Jill Magid, ya mwaka 2018. Nimeitazama mara tatu. Naona ni filamu nzuri yenye kosa kubwa katikati yake, na kosa hilo ndilo lililonifundisha kuchagua kidani.

Kisa chenyewe ni hiki. Luis Barragán alizaliwa Guadalajara, Mexico, mwaka 1902. Akawa msanifu majengo, mtu wa kuta nene zenye rangi ya waridi na ya machungwa, akapewa Tuzo ya Pritzker mwaka 1980, akafa 1988 bila mke wala mtoto. Nyumba yake ilibaki Mexico. Lakini nyaraka za kazi yake, michoro na picha pamoja na haki zake, zilinunuliwa mwaka 1995 zikaenda Uswisi, kwa watu wa Vitra, kampuni ya samani. Aliyekuwa akizitunza huko ni Federica Zanco, mwanahistoria wa usanifu. Kuna uvumi kwamba mumewe, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alimpa hizo nyaraka kama zawadi ya uchumba mahali pa pete. Magid anaushika uvumi huo na kuujengea kazi nzima.

Aliomba kuziona nyaraka, akanyimwa. Basi akapanga posa. Ndugu wa Barragán walikubali, jimbo la Jalisco likatoa ruhusa, na mwaka 2015 kaburi la mzee huko Guadalajara likafunguliwa. Zikatolewa gramu 525 za majivu yake. Mahali pake pakawekwa farasi wa fedha mwenye uzito uleule. Majivu yakapelekwa Uswisi kwa kampuni inayogeuza majivu kuwa almasi, ikatoka almasi ya samawati ya karati 2.02, ikapachikwa kwenye pete. Mwaka 2016 Magid akamwonyesha Zanco ile pete: chukua mwili wake, rudisha nyaraka Mexico, watu wazione.

Kama ungenisimulia hadithi hiyo kwenye matatu ningesema umeitunga. Magid anaisimulia bila haraka, akisoma barua zake kwa sauti ya mtu anayeandika usiku, na kamera inakaa kwenye ukuta wa Barragán mpaka unaona mwanga unasonga. Tukio la kaburi limepigwa kwa heshima. Hakuna muziki wa kukuamuru ulie. Kwa ufundi sina neno.

Shida yangu inaanzia kwenye jina. Kwa Kiswahili filamu hii ingeitwa *Posa*, na hapo wazee wangeuliza swali la kwanza: mshenga katumwa na nani? Posa kwetu haipelekwi na mtu aliyeamka asubuhi akaipenda. Mshenga hutumwa. Ana watu nyuma yake, na akikataliwa, aibu inarudi kwa waliomtuma. Magid alijituma kwanza, ndipo akatafuta wa kumtuma. Ruhusa alizipata, tena za kisheria, na filamu inaziweka mbele yetu. Lakini zinakuja kama mihuri, baada ya wazo kuwa tayari limepikwa. Pete ikawa mahari, na mahari hiyo ikawa mwili wa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumuuliza. Wasomi na wasanii kadhaa wa Mexico walilalamika. Kwenye filamu malalamiko hayo ni upepo tu unaopita nje ya dirisha.

Kuna maneno yamechongwa kwenye pete, maneno ya mtu anayejitoa kwa mwingine kwa moyo wote. Nimejiuliza anayesema ni nani. Barragán? Hakumjua Zanco. Magid? Basi anazungumza kwa mdomo wa maiti. Hapo nikaitambua kazi yangu ya zamani. Yale maneno themanini nayo yalikuwa hivyo: marehemu anafanywa aseme "niko nawe daima", kumbe anayesema ni kijana wa Kahawa West anayesubiri M-Pesa ya Ijumaa.

Ajabu ni kwamba Magid huyohuyo alikuwa amewahi kuifanya kazi hii vizuri zaidi. Mwaka 2005 alitengeneza *Auto Portrait Pending*: aliingia mkataba na kampuni moja ya Marekani ili yeye mwenyewe, siku akifa, mwili wake ugeuzwe almasi ya karati moja. Kinachoonyeshwa ni mkataba pamoja na pete ya dhahabu yenye nafasi tupu, inayomngoja. Basi. Ile nafasi tupu inanigusa kuliko almasi ya Barragán. Mwenye mwili ndiye aliyetia sahihi. Na kwa kuwa pete haina kitu bado, mtazamaji hawezi kuizungumza kama mali. Lazima aizungumze kama ahadi ya mtu aliye hai, anayeweza hata kubadilisha mawazo.

Nikarudi kwa dadangu na vile viungo vitano. Nikaamua kuvisoma kama ninavyosoma kitabu, kwa kuuliza kila kimoja kinasema nini na kinaficha nini.

Kwanza majivu yenyewe, maana maduka hayasemi. Tanuri likimaliza kazi, kinachobaki ni vipande vya mifupa, na mashine huvisaga. Mtu mzima huacha kilo mbili hadi tatu za unga mzito wa kijivu, wenye chengachenga kama mchanga. Kidani kinachukua chini ya kijiko cha chai. Kwa hiyo anayenunua kidani ananunua chembe chache za mtu, na maswali ya kweli ni mawili: chembe hizo zitaishije, na zilizobaki ziko kwa nani.

Kiungo cha kwanza kilikuwa pete ya rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa kama kioo. Majivu yanachanganywa humo na rangi. Inapendeza kwenye picha. Lakini rezini hukwaruzika, na jua huigeuza manjano taratibu. Watu wanaitoa wakioga, wanaitoa wakiosha vyombo, na kitu cha kutolewa mara nyingi ndicho hupotea.

Cha pili kilikuwa ushanga wa kioo. Fundi anayeyusha kioo kwenye moto, anakibiringisha juu ya majivu, anafunika kwa kioo kingine. Chembe zinabaki kama ukungu mweupe ndani. Hiki nilikipenda. Hakijifanyi kitu kingine. Unaona majivu, na unaona kwamba ni majivu.

Cha tatu kilikuwa almasi. Sehemu kubwa ya majivu ni chumvi za kalisi kutoka kwenye mifupa. Kaboni, ambayo ndiyo almasi, karibu yote iliondoka na moshi. Kampuni hukusanya kidogo iliyobaki, huigeuza grafiti, kisha huitia kwenye mashine yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na mgandamizo mkubwa kwa wiki au miezi. Ile samawati inatokana na boroni. Bei yake ingelipa karo yangu ikabaki. Lakini bei haikunisumbua kama hili: almasi haina alama hata moja ya ilikotoka. Unashika jiwe na cheti, na cheti ndicho kinachokuambia ulie.

Cha nne kilikuwa moyo wa chuma kilichopakwa dhahabu, na dhahabu ya kupakwa huisha pale shingo inapotoa jasho. Cha tano kilikuwa tone dogo la chuma kisichoshika kutu, lisilopakwa chochote, lenye skrubu nyuma. Ndicho kilichokuwa cha bei rahisi kuliko vyote, na maelezo yake yalikuwa mabaya kuliko yote. Aliyeyaandika alikuwa amechoka. Namwelewa.

Nilikuwa karibu kumwambia dadangu achukue ushanga wa kioo. Kabla sijaandika, nikampigia baba kumsalimia, nikamweleza. Alinyamaza kidogo. Baba hapendi kupinga mambo ya waliofiwa. Kisha akauliza: "Na hicho kipande cha kwenye mkufu, kitazikwa lini?"

Swali hilo halimo kwenye duka lolote. Maduka yanamwona mnunuzi mmoja na mpendwa mmoja, wawili tu duniani. Kwetu marehemu ana wenyewe wengi, na Kenya nzima inajua wanavyoweza kugombana. S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager wakashtakiana mpaka Mei 1987 kuhusu mahali pa kumzika. Mahakama ikaupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga. Kesi hiyo imezaa kitabu kizima, *Burying SM*, cha David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo. Mwaka 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alichomwa Kariokor huku watu wa nyumbani kwake wakibishana kama ilikuwa halali. Mwili mmoja, watu wengi wanaosema "wetu".

Majivu hayana lazima yalete ugomvi. Wangari Maathai alichomwa mwaka 2011, na majivu yake yakawekwa kwenye taasisi yenye jina lake, Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali anapoweza kufika yeyote. Na Wahindu wa Nairobi, ambao wamekuwa wakiwachoma wafu wao tangu kabla yetu kujifunza neno, mara nyingi hawabaki nayo kabisa. Huyaachia maji yanayokwenda. Mbele yao hata ule msemo wa "daima karibu nawe" unasikika kama kumzuia msafiri mlangoni.

Kwetu Waluo kuna jambo jingine. Mtu akipotea, ziwa likimchukua asionekane, hazikwi hewa. Huzikwa tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa, na mtu anahesabiwa kuwa amefika nyumbani. Hakuna anayedhani yago ni mwili. Lakini kaburi limepata uzito wake na watu wamepata mahali pa kusimama.

Nilipolikumbuka hilo ndipo nikamwelewa yule farasi wa fedha. Gramu 525 zilitoka, gramu 525 zikaingia. Katika filamu nzima hilo ndilo tendo moja ambalo nyanya yangu angelielewa bila kufafanuliwa. Magid anatumia muda mwingi kwenye pete na kidogo kwenye farasi, na kwangu hilo ndilo kosa la filamu. Pete inauliza nani atamiliki. Farasi anakiri kwamba kuna kitu kimetolewa, na kwamba kilikotolewa kuna pengo lenye uzito. Angemfuata yule farasi angetengeneza filamu kubwa zaidi. Alifuata pete, na pete ikamfikisha kwenye meza ya watu wawili wasiokubaliana. Hadi filamu inakwisha, hakuna aliyeivaa.

Tena pete hiyo haiwezi kurudi. Siku Guadalajara ikisema "turudishieni mzee wetu", hakuna mashine ya kugeuza almasi iwe majivu. Lilikuwa swali la baba kwa namna nyingine. Nikamwandikia dadangu usiku huo. Nilimwambia achukue lile tone baya la chuma lenye skrubu. Nikamweleza kwa nini, kwa maneno ambayo mteja wangu asingeyalipia: ni rahisi, halichuji, linachukua kidogo sana, na linafunguka. Nikamwomba pia asipeleke majivu yote popote, na kabla ya kutia hata chembe moja ampigie baba. Alikasirika siku mbili. "Ni babangu," aliandika. Sikujibu, maana ni kweli. Siku ya tatu akapiga simu Siaya.

Alikuja Desemba 2023 na kisanduku, cheti cha kuchomea, na kidani kikiwa kitupu. Sikutarajia hilo. Alikuwa amekivaa safari nzima bila kitu ndani, na nikaikumbuka ile pete ya 2005 yenye nafasi inayongoja.

Jioni kabla ya mazishi, wazee wakiwa chini ya mwembe, Dani aliomba kukiona. Dani ni nyanya yetu, mama wa marehemu, na macho yake siku hizi ni vidole vyake. Akakishika, akakipima kwenye kiganja, akakigeuza.

"Hiki ndicho cha kumwekea?"

"Ndiyo, Dani."

"Kinafunguka?"

Dadangu akamwonyesha skrubu. Dani akaizungusha mwenyewe kwa ukucha, polepole, mpaka ikatoka. Akachungulia ndani kana kwamba angeona kitu. Kisha akasema kwa Kijaluo, na baba akamfafanulia dadangu, ambaye lugha imempungukia: mtie kidogo, utembee naye, na siku yako ikifika wasikusahaulie kuwa mko wawili.

Baba hakuongeza neno. Alikuwa amejibiwa.

Sikuandika haya ili kuwaambia waliofiwa wanunue au wasinunue. Niliwaandikia wengi bila kuwajua, na wale walionunua moyo wa dhahabu ya kupakwa kwa sababu ya maneno yangu nawaomba radhi. Kama uko mbele ya viungo vitano usiku huu, uliza majivu mengine yatakuwa wapi, nani mwingine anasema "wangu", na kama kitu chenyewe kinaweza kufunguliwa siku mtu huyo akiuliza. *The Proposal* itazame pia, inastahili dakika zako. Lakini ukiimaliza rudisha nyuma, umtafute yule farasi.

Maduka yote matano yanashauri skrubu itiwe gundi isilegee. Dadangu hajatia. Ananiambia huikaza kwa ukucha kila asubuhi, anavaa koti, anaenda kazini.